Mteja Asiye na Pingamizi

Ipo nchi moja ambayo wenyewe hawapendi itajwe, kwa hiyo nasi hatutaitaja, tusije tukaonekana wachokozi. Katika nchi hiyo kuna Chuo Kikuu cha Biashara na Adabu, na katika chuo hicho somo la Usimamizi wa Uwekezaji lilifundishwa miaka thelathini bila mwanafunzi hata mmoja kuuona uwekezaji kwa macho. Walihitimu wakijua kutamka hisa, hati fungani na gawio, wakavaa majoho, wakapigwa picha na wazazi wao, kisha wakarudi nyumbani kuuza vocha za simu.

Siku moja Mlezi wa Taifa, akizindua kisima ambacho alikwisha kukizindua mara mbili, alisema kwamba elimu ya nadharia ni kama kujifunza kuogelea juu ya mkeka. Makofi yakapigwa. Kesho yake maneno hayo yakawa sheria: kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho apewe fedha za kweli, za mtu wa kweli, azisimamie kwa mikono yake mwaka mzima, na huo ndio uwe mtihani wake.

Kazi ikawa kumpata huyo mtu wa kweli. Wafanyabiashara walipoombwa walisema wanaiunga mkono elimu kwa moyo wote, wakakazia kwamba ni moyo tu. Wabunge walisema kanuni zao zinawabana. Waziri wa Ustawi alisema angefurahi mno kuwakabidhi vijana fedha zake, ila bahati mbaya zilikuwa nje ya nchi kwa masomo ya juu. Ndipo mzee mmoja wa masijala akakumbuka kwamba serikali inazo pensheni za wastaafu waliofariki kabla ya kuzichukua, zimelala tu, hazina wa kuziulizia. Kikao kizima kikatabasamu.

Wanasheria wakasema papo hapo kwamba sheria inamtaka msimamizi wa fedha amsomee mteja wake taarifa ana kwa ana kila robo mwaka. Waliisoma tena usiku kucha na hawakuona mahali inaposema mteja lazima awe hai. Basi ukapimwa uwanja mkubwa nje ya mji, ukachongwa matuta ya udongo kwa mistari iliyonyooka, kila tuta na kibao cha saruji na namba yake. Ndani ya matuta hamkuwa na maiti, maana wenyewe walishazikwa makwao, lakini katika daftari iliandikwa kwamba wamezikwa pale, kwa kuwa anwani ya serikali haiwezi kuwa ya uongo. Mwanafunzi angesimama mbele ya tuta, asome taarifa kwa sauti, angoje dakika tatu, na mlinzi wa makaburi ajaze fomu kwamba mteja hakuwa na pingamizi.

*

Sikudhani Mpangala alipewa namba 417. Kibaoni paliandikwa: Yoramu Chipanta, Mkaguzi wa Mizani, Mstaafu.

Binti huyu hakuwa mtu mbaya, na msomaji asimhukumu mapema. Mama yake alikuwa ameuza mashine ya kusaga nafaka, mali pekee iliyokuwa na jina lake, ili mwanawe asome. Tangu hapo mama akawa anapeleka debe lake la mahindi kwenye mashine ileile, anapanga foleni, na anamlipa mwenye nayo mpya. Sikudhani alikuwa ameapa kwamba atapata daraja la kwanza, atapata kazi benki, na ile mashine itarudi uani kwao kabla mama hajazeeka.

Mwenye somo alikuwa Profesa Lwambano, mtu wa suti ya vipande vitatu hata jua likichoma mawe. Aliwakusanya wanafunzi wake siku ya kwanza akawaambia kwamba ulimwengu mzima wataalamu wa fedha wanahangaika kumtafuta mteja asiyeingilia kazi ya mtaalamu, na wao wamepewa bure, mia tano kwa mpigo. Kisha akaeleza alama. Faida kubwa, alama kubwa. Mteja akiondoa mtaji wake kabla ya matokeo kutangazwa, mwanafunzi anapata sifuri. Darasa likaangua kicheko, na Profesa naye akacheka, akasema kanuni ni kanuni.

Mwezi wa kumi Sikudhani akaenda kusoma taarifa yake ya kwanza. Uwanja ule haukuota nyasi. Upepo ulikuwa ukipita chini chini, unabeba vumbi la tuta hili na kulimwaga kwenye tuta lile, na hakukuwa na ndege wala mti wa kutua ndege. Hapa na pale watu walikuwa wameketi chini kando ya vibao, mmoja mmoja, mbalimbali, bila kusemezana. Akadhani ni ndugu wa marehemu. Hata kando ya 417 palikuwa na mzee mmoja mwembamba, shati limepigwa pasi, mikono magotini.

Akasoma. Alipomaliza akaanza kuhesabu dakika zake tatu. Ilikuwa dakika ya pili mzee alipokohoa, akasema, "Hizo fedha mnazosema mmewekeza, zimenunua nini hasa?"

Malezi ni malezi. Kabla hofu haijamfikia, mdomo wa Sikudhani ulikuwa umeshasema, "Shikamoo, babu."

Mzee akafumba macho kidogo. "Marahaba, mjukuu wangu. Ni mwaka wa pili sijaamkiwa."

Mlinzi wa makaburi, Bi. Tabu Kinyogoli, mwanamke mnene mpole aliyefunga khanga juu ya koti la serikali, alikuwa akitazama mawingu. Alijaza fomu kwamba mteja hakuwa na pingamizi. Sikudhani alipomnyooshea mzee kidole, Bi. Tabu alimjibu kwa upole kwamba yule aliuliza tu, na kuuliza si kupinga. Isitoshe, hayupo.

*

Mambo yalikuwa hivi. Kila mwaka wastaafu wa nchi ile huitwa kuhakikiwa, yaani kupeleka sura zao dirishani ili serikali ijue kuwa bado wapo. Mwaka juzi Mzee Chipanta alipanga foleni tangu alfajiri. Ilipotimu saa tisa alasiri dirisha likafungwa, na mbele yake wamebaki watu wawili tu. Orodha ya mwaka haiwezi kulala wazi, kwa hiyo wasiofikiwa wakaandikwa kuwa wamefariki. Karani wa dirisha alikuwa mtu muungwana. Alitoka nje akawapa pole mmoja mmoja.

Wale wengine waliokaa kando ya matuta walikuwa wa foleni hiyohiyo, na wengine wa foleni za mikoani. Kwanza walikwenda kulalamika, wakaambiwa malalamiko ya marehemu hupokelewa kupitia mrithi. Baadaye majirani wakaanza kuwapita kimya, si kwa ubaya, ila hakuna aliyetaka kuonekana anabishana na daftari. Basi wakawa wanakuja uwanjani. Hapo ndipo palikuwa mahali pekee ambapo mtu aliyetumwa na serikali aliyataja majina yao kwa sauti.

Sikudhani alirudi bwenini akiogopa, na si kwamba aliogopa mzuka. Walipoagana alikuwa amempa mzee mkono, na ule mkono ulikuwa na joto. Hilo ndilo lililomnyima usingizi: mzuka angeweza kuusomea dua ukaondoka, lakini mtu mwenye joto mkononi atamwambia nini?

Wiki iliyofuata alirudi bila kutumwa. Na wiki nyingine tena. Alikuwa na swali la mzee la kujibu, maana kwa kweli hakujua zile fedha zimenunua nini. Alichojua ni kwamba darasa zima lilinunua hati fungani za Mji wa Neema, mradi wa Waziri, kwa ushauri wa Profesa. Mzee Chipanta alikuwa ametembea miaka arobaini duka kwa duka akikagua mizani. Alimwambia kwamba mwenye duka mwenye mizani ya uongo hukuonyesha mshale kwa furaha kubwa, lakini ukinyoosha mkono kugusa sahani ya mizani anakukaribisha chai. "Nenda kaguse," akasema.

Wakaenda wote wawili, kwa miguu. Mji wa Neema ulikuwa na geti zuri, ramani ya rangi nne, na utepe uliokatwa mara tatu na kufungwa fundo kwa ajili ya mara ya nne. Nyuma ya geti palikuwa na mbuga na mbuzi. Mlinzi aliwaeleza, kwa adabu zote, kwamba mji upo ila haujafika. Alizungumza na Sikudhani peke yake, na alipotaka kuashiria jengo la benki litakapokuwa, alinyoosha mkono ukapita mbele ya uso wa mzee kana kwamba pale palikuwa na hewa.

Sikudhani akauza zile hati. Wenzake wakamcheka. Mzee akampeleka kwenye mashamba ya chumvi ya ushirika mmoja wa kina mama, akainua kiroba, akakipima kwa mzani wake wa mkono, akakuta kimezidi robo kilo. Akasema hawa wanawaogopa wateja wao, na mtu anayemwogopa mteja ndiye wa kumpa fedha. Wakanunua hisa za chumvi. Katika miezi ile Sikudhani alijifunza kusoma hesabu za kampuni kama mtu anavyomsoma mgeni mlangoni, kujua lini kungoja na lini kutoka, kujua kuwa faida isiyo na jasho la mtu ni jasho la mtu mwingine. Hakuna mhadhara uliowahi kumfundisha hivyo. Alimpenda yule mzee, na hakuwa na wa kumwambia, maana utamwambia nani kwamba mwalimu wako bora ni marehemu?

Mwezi wa tatu Mji wa Neema ukasimamisha malipo. Faida za darasa zima zikayeyuka wiki moja. Katika chuo kizima ikabaki akaunti moja tu yenye faida, namba 417, na Profesa Lwambano akaanza kumwita Sikudhani "binti yangu".

*

Mwezi wa nne Mzee Chipanta akaanza kutembea amejishika tumbo la chini. Ilikuwa ngiri, ugonjwa wa kawaida wa wanaume wazee, na tiba yake ni upasuaji wa nusu saa. Alikwenda hospitali ya serikali. Kompyuta ikasema amefariki. Daktari kijana alimsikitikia sana, akamweleza kuwa marehemu hupasuliwa kwenye chumba cha maiti, na huko hawatumii ganzi.

Ni Bi. Tabu aliyemwambia Sikudhani kwamba ipo karatasi inaitwa Hati ya Uhai. Mtu aliyefariki kimaandishi anaweza kurudishwa, ila saini lazima iwe ya msimamizi wa fedha zake, kwa kuwa ndiye pekee mwenye wajibu wa kumjua. Saini moja tu, dada. Lakini mtu akirudi, akaunti ya umarehemu inafungwa siku hiyohiyo na mtaji unaondolewa.

Sikudhani akaenda kwa Profesa. Profesa alimmiminia chai, akamsikiliza hadi mwisho, hata akafuta miwani yake kwa majonzi. "Binti yangu, wajibu wako wa kwanza ni kumlinda mteja dhidi ya hasara," akasema. "Huyo akifufuka, atakula mtaji." Kisha akamkumbusha kwamba Waziri mwenyewe anakuja kwenye mtihani kuiona 417, na kwamba sifuri haina rufaa.

Akafikiria mama na debe lake la mahindi. Akafikiria mwezi wa sita wa mtihani na mwezi wa saba wa matokeo, akaona si mbali. Alimweleza mzee yote bila kuficha, akiwa amekaa chini mbele yake, na alilia. Angependa mzee akasirike. Mzee alimpa kitambaa cha mfukoni.

"Soma, mjukuu wangu. Mimi foleni nimeizoea," akasema.

*

Siku ya mtihani lilifungwa turubai, bendi ya magereza ikapiga, na viti vya sofa vikapangwa kati ya matuta. Waziri wa Ustawi alikuja na msafara uliotimua vumbi hata watu wakapotea machoni kwa dakika kadhaa. Vumbi lilipotulia, Mzee Chipanta alikuwa ameketi mahali pake, shati limepigwa pasi, mkono mmoja tumboni, uso wa rangi ya majivu. Nyuma yake, kando ya vibao vyao, walikuwa wameketi wengine wote. Walikuwa wengi kuliko mwanzoni mwa mwaka. Sofa mbili zilikuwa zimewekwa juu ya miguu ya watu, na waliozikalia walilalamika kidogo kwamba uwanja haujasawazishwa.

Sikudhani akafika mbele ya 417. Kwa miezi tisa hakuwahi kumfikia mzee yule bila kumwamkia. Salamu ilikuwa tayari mdomoni, na mzee alikuwa ameinua uso kuipokea. Profesa akamkazia macho kutoka chini ya turubai. Katika nchi ile kila mtu anajua kwamba mtu akiitikia marahaba mbele ya mashahidi, hakuna daftari litakalomrudisha ardhini.

Akafungua faili akaanza kusoma. Alisoma vizuri sana. Asilimia kumi na nane ya faida, hatari iliyogawanywa, chumvi, nyaraka zote kwenye viambatisho. Hakumtazama mzee hata mara moja, na aliona aibu ikimpanda shingoni kama maji ya moto.

Waziri akauliza kwa sauti ya hadhara kama mteja ana pingamizi. Zikahesabiwa dakika tatu. Mzee Chipanta angeweza kusema. Alikuwa na sauti, na uwanja ulikuwa kimya kiasi cha kusikia kamba za turubai zikilia. Alimtazama yule binti, mwanafunzi wake, akafunga mdomo, akauacha umefungwa hadi dakika ya tatu ikaisha. Alifanya hivyo kwa ajili ya binti. Sikudhani alijua hivyo pale pale, na tangu siku ile hajaacha kujua.

Waziri alisimama akatoa hotuba. Alisema hawa ndio wananchi ambao taifa linawahitaji: wavumilivu, hawana makuu, hawahamihami, na wanaiamini serikali yao. Aliomba walio hai waige mfano huo. Bendi ikapiga.

*

Wiki tatu baadaye ngiri ikajibana, na Mzee Yoramu Chipanta akafa kweli, Jumanne adhuhuri, chumbani kwake, Bi. Tabu akimshikia kikombe cha maji.

Kesho yake asubuhi Bi. Tabu na vijana wanne wakambeba kwa kitanda hadi uwanjani, wakakiweka kando ya 417, wakaanza kuchimba. Ofisa maziko akaja mbio na daftari. Akawaonyesha mstari. Huyu alishazikwa hapa, tena yapata miaka mitatu, na saini ipo. Kuzika mtu mara mbili ni udanganyifu. Kumzika kwingine ni kutengeneza Chipanta wa pili, na hilo ni kosa kubwa zaidi. Aliongea kwa huruma, akavua kofia, lakini alikuwa amesimama ndani ya shimo na hakutoka.

Wakaitwa wakubwa kwa simu, na jibu likaja: njia ni moja. Mtu huyu ili afe ni lazima kwanza awe hai. Iletwe Hati ya Uhai, yenye saini ya msimamizi wa fedha zake.

Sikudhani alipoitwa alikuta kitanda kiko juani, shuka limemfunika mzee hadi kichwani, miguu imebaki nje. Hakulia. Aliwaomba wale vijana wakivute kitanda kwenye kivuli cha kibanda cha mlinzi, kisha akashika njia ya ofisi ya daftari. Matokeo yalikuwa yatoke Jumatatu, na majina ya daraja la kwanza yalikuwa jina moja. Alijua kwamba akisaini, namba 417 inafungwa leo, na Jumatatu atasoma sifuri, na mama yake atazeeka kwenye foleni ya mashine yake mwenyewe. Alijua pia kwamba saini hii ilikuwa ikitakiwa tangu mwezi wa nne, ilipokuwa na faida kwa mtu. Miguu yake ilikwenda tu.

Karani wa Hati ya Uhai alikuwa kijana wa rika lake, nadhifu, mwenye kalamu tatu mfukoni. Alimsomea maswali naye akaandika. Je, shahidi anamfahamu mhusika? Anamfahamu. Je, shahidi amewahi kumwona mhusika akiwa hai baada ya tarehe ya kifo chake? Amewahi. Taja tarehe. Sikudhani akaanza kuziandika, tarehe ya taarifa ya kwanza, siku ya mbuga na mbuzi, siku ya chumvi, siku ya kitambaa, Jumamosi baada ya Jumamosi, mpaka nafasi ikaisha na karani akampa karatasi ya ziada. Mwisho akaandika siku ya mtihani.

Swali la mwisho lilikuwa chini kabisa, kwa herufi ndogo. Kama shahidi alijua kuwa mhusika yu hai, kwa nini hakutoa taarifa? Jibu lisizidi maneno kumi.

Watu wawili walihudumiwa kwenye dirisha la pili wakaondoka. Kisha akaandika: Nilikuwa nangoja matokeo.

Karani akayahesabu maneno kwa ncha ya kalamu, akasema yanatosha. Alipomwona Sikudhani ameinamisha kichwa, akamwambia kwa wema asione vibaya, wengi huandika hilohilo. Akagonga muhuri.

Mzee Yoramu Chipanta akawa hai saa nne na robo asubuhi. Ofisi ya vifo hufunguliwa baada ya chakula cha mchana, kwa hiyo aliendelea kuwa hai hadi saa nane, juu ya kitanda chake, kwenye kivuli cha kibanda. Muda huo wote Sikudhani aliketi chini kando yake, akimfukuzia nzi kwa ile hati.